Damu ya Kuazima

"Ni damu yako, Hidaya! Damu yako ndiyo inayomzika dada yangu angali hai!"

"Dada Mwatumu, nakuomba ushushe sauti."

"Sishushi! Wa chini wasikie, wa juu wasikie, na huko Mfuko wa Uzima kama wana masikio nao wasikie!"

Wa chini walikwisha kusikia zamani. Ghorofa zile za Mikanjuni zilijengwa na watu waliodhani ukuta ni kitu cha kuning'inizia picha. Ukipiga chafya ghorofa ya nne, wa ghorofa ya kwanza anakuombea afya. Milango yote ya ukumbi ilikuwa wazi. Bi. Tatu, ambaye jengo zima lilimwita Redio na mwenyewe akaitikia, alikuwa ameshatoa kigoda chake na ungo wa mchele. Alikuwa anachagua taratibu, punje kwa punje, ili mtu asije kusema ametoka kusikiliza.

Mwatumu alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja. Viatu vumbi tupu, khanga ya kichwani imeteleza mpaka shingoni. Alisimama mbele ya mlango wa Hidaya kama mgambo aliyekuja kuvunja kibanda. Hidaya, mwembamba kama mpini wa ufagio, alijibana kwenye mlango huohuo, mkono mmoja kwenye fremu, maana ndani alikuwa na mtoto na hakutaka ayasikie haya.

"Kwani mashine imesemaje?" Redio aliuliza, macho yakiwa kwenye mchele.

"Imesema Harudi."

Neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa hapo. Mashine ya hospitali, ile waliyoiita Mizani, ilikuwa na majibu mawili kwa kila aliyepigwa kiharusi: Anarudi, au Harudi. Anayerudi anapelekwa Chumba cha Kuamsha, anavalishwa glavu zinazomfundisha mkono kushika na mdomo kusema, mpaka ubongo ukumbuke kazi zake. Asiyerudi anapewa shuka safi na dawa ya kulainisha choo, na ndugu zake wanaambiwa waje kumchukua wakiwa tayari.

"Shufaa huyuhuyu?" Redio alisahau mchele. "Si walisema donge limetoka?"

"Limetoka! Wamepitisha waya mwembamba kama unywele, kutoka pajani mpaka kichwani, wakalivuta lote. Nimeonyeshwa kwenye kichupa, kama mbegu ya ukwaju. Madaktari wamepongezana. Halafu hiyo Mizani yao ikapima damu yake, ikailinganisha na damu aliyokuwa nayo miaka yote, ikasema imekwenda mbali mno, haitarudi." Mwatumu akamgeukia Hidaya. "Miaka yote! Damu ya nani hiyo ya miaka yote? Hebu wasimulie wenzako."

Hidaya alishika mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, mahali ambapo ngozi ilikuwa na duara jeupe kama alama ya pete iliyovuliwa.

Kifaa kilichoacha duara lile, Mfuko wa Uzima, ule uliolipia matibabu ya watu wote, ulikiita kishikizo. Mtaani kiliitwa kupe, kwa sababu kilikuwa kidogo, kilikaa kwenye mkono usiku na mchana, na kilikunywa. Kila mtu aliyetaka kutibiwa alivaa kupe wake. Kupe alionja damu, akapeleka habari Mfukoni: sukari, mafuta, asidi ya misuli iliyochoka. Na sukari ikipanda, kupe alilia. Alilia kwa sauti kali, popote ulipo, sokoni, msikitini, harusini, mpaka uone haya.

Sasa Bi. Shufaa alikuwa mpika kaimati. Si kaimati za kubahatisha. Watu walitoka Chumbageni kuzifuata. Na mpika kaimati lazima aonje shira, maana shira haina saa wala kipimo, kipimo chake ni ulimi. Kila akionja, kupe analia. Wateja wakaanza kunong'ona. Mmoja akamwambia usoni: "Bi. Shufaa, mbona kupe wako anazikataa kaimati zako?" Siku hiyo Shufaa alizima jiko kabla ya Adhuhuri, akajifungia ndani.

"Na nani alikuja mlangoni kwangu?" Hidaya aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika kote. "Hapa hapa ulipokanyaga. Nani alikuja na kupe wa Bi. Shufaa kwenye kitambaa, akaniambia, 'Hidaya mdogo wangu, wewe unakula kama chiriku na kukimbia kama swala, mvalie mwenzio huyu, atapata amani'? Nani alinibandika kwa mikono yake?"

Mwatumu aliivuta khanga yake kichwani, ikateleza tena.

"Mimi kupe wangu nilimvisha mbuzi," Redio alisema, labda kwa kutaka kusaidia. "Mpaka Mfuko ukaniletea ushauri nipunguze majani."

Kuna waliocheka, wakajutia. Kweli ilikuwa hivyo: jengo lile waliazimana kupe kama walivyoazimana chumvi na vinu vya umeme. Hakuna aliyeona kosa. Nani angejua kwamba iko siku mashine itamwita mtu kwa damu ya jirani yake, na asipoitikia itamwandika marehemu?

"Hidaya," Mwatumu alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba, ingawa uso bado ulikuwa wa ugomvi. "Njoo nami. Tumwambie daktari. Sentensi moja tu."

"Na Nasra?"

Hapo hata Redio aliinamisha kichwa. Nasra, binti wa Hidaya, alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Kila alipougua, mifupa yake ilimlilia, na jengo zima lilimsikia, kwa zile kuta. Na baada ya kungoja tangu alipokuwa hajaota meno, zamu yake ya kurekebishwa damu ilikuwa imefika. Alishapimwa, alishanyolewa nywele. Sheria ya Mfuko ilijulikana: aliyedanganya kupe, yeye na watoto wake wanarudishwa mkiani mwa foleni.

"Unataka nichague kati ya mwanangu na dada yako," Hidaya alisema. "Sawa. Nimeshachagua. Wewe ungechagua nani?"

Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Mwatumu angependa aubamize.

* * *

Wodi ilikuwa safi mpaka inachukiza. Shufaa alilala kitandani, upande wa kulia wa uso umeshuka kama pazia lililokatika kamba. Mwatumu alikaa pembeni, akimfuta mate, akimwambia habari za mtaa kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumwambia. Akamweleza kuhusu mbuzi wa Redio. Upande wa kushoto wa mdomo ukainuka kidogo.

Kisha akaona mkono. Mkono wa kulia, uliokuwa umelala kama samaki ubaoni, vidole vilikuwa vinakwenda. Vinafunga, vinafungua, gumba linasukuma. Shuka lilikuwa limekunjamana chini yake. Mwatumu aliutambua mwendo ule kabla ya kuelewa anachokitazama: Shufaa alikuwa anakanda unga.

"Dakta! Dakta, njoo uone!"

Dakta Nyaulingo alikuja. Alikuwa kijana, na macho ya mtu anayelala kwa vipande vipande. Alitazama mkono. Alitazama muda mrefu kuliko alivyotakiwa.

"Ni kweli unasogea," alisema.

"Basi mpelekeni kwenye glavu!"

"Mama, Mizani haisomi mikono."

"Haisomi mikono?" Mwatumu alisimama. "Mtu amepooza mkono, mkono unasogea, na mashine yenu haisomi mikono?"

"Inasoma damu." Daktari alivuta kiti, na hilo lilimfanya Mwatumu asimchukie sana kama alivyokusudia. "Sikiliza, mama. Ubongo uliokosa damu ukirudishiwa, unaanza kula upya. Unakula sukari, unamwaga asidi, unavunja mafuta. Hayo yote yanaonekana kwenye damu. Na kila mtu ana hali yake ya kawaida. Sisi tunaiita nyumbani. Kupe ametuonyesha nyumbani kwa kila mtu. Baada ya tiba tunatazama: je, damu inakaribia nyumbani? Ikikaribia, ubongo unapona. Ikizidi kupotea, mazoezi hayasaidii, na nafasi za kule chumbani ni chache. Ya Bi. Shufaa haijakaribia hata kidogo. Sukari iko mbali. Mafuta yako mbali. Sijawahi kuona damu iliyo mbali na kwao namna hii."

"Na kama hapo mnaposubiri siyo kwao?"

Daktari hakuelewa, au alijifanya.

"Nasema hivi," Mwatumu alisema. "Mnamngoja mtu kwenye mlango wa jirani, halafu mnashangaa haingii. Kupe wa dada yangu alikaa kwenye mkono wa mtu mwingine. Mmepima nyumba ya watu!"

Daktari alifungua kibao chake, akapekua, akatafuta. Kidole chake kikasimama kwenye mistari miwili iliyofanana. Mwatumu aliona kitu kikimpita usoni, aibu au hofu.

"Mlikuwa na watu wawili humo ndani wenye damu moja," Mwatumu aliendelea, sasa hakuna wa kumzuia. "Sukari moja, uchovu mmoja, saa za kulala zilezile, saa za kukimbia zilezile! Hata mapacha hawafanani hivyo! Mashine inayojua nimekula andazi saa ngapi haikuliona hilo? Au haikutafuta, kwa sababu damu ilikuwa nzuri? Ingekuwa mbaya mngebisha hodi siku ya pili!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka. Mmoja aliyeweza alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

"Lipo jibu la tatu," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Halitumiki sana. Asiyejulikana. Mgonjwa asiye na nyumbani haamuliwi na Mizani. Anapelekwa Chumba cha Kuamsha, anatazamwa na watu, kama zamani."

"Basi andika!"

"Ili nifute kumbukumbu za kupe, lazima niandike ni za nani."

"Andika siyo zake. Inatosha."

"Haitoshi. Mashine haikubali nafasi tupu, mama. Bila jina, kumbukumbu zinabaki zake, na jibu linabaki lilelile."

"Niandike mimi. Mimi ndiye niliyelipanga jambo hili. Mimi nilimvua, mimi nilikwenda kubisha hodi, mimi nilimbandika mwenzangu na mate yangu nikasafishia. Niadhibuni mimi!"

Nyaulingo alitikisa kichwa. "Sheria inamjua aliyevaa na aliyevuliwa. Aliyevuliwa ni mgonjwa, na mgonjwa haadhibiwi. Anabaki aliyevaa."

"Na mshawishi?"

"Hayumo."

"Hayumo!" Mwatumu alicheka kicheko kibaya. "Sheria ya namna gani hiyo, inampita mwizi sebuleni inakwenda kumkamata aliyeshikishwa mfuko?"

"Siyo sheria yangu, mama."

"Sheria siyo yako, lakini kidole kinachobonyeza ni chako."

Daktari alikaa na kibao mapajani, kidole kile kimeinuliwa kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba anacho.

Kitu kilimkamata Mwatumu kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Shufaa, ule mzima, na ulikuwa na nguvu za miaka ya kusonga na kukanda. Macho ya Shufaa yalikuwa wazi kabisa. Alikuwa amesikia yote. Kichwa chake kilikwenda upande, kikarudi, kikaenda tena. Hapana.

"Dada, acha."

Hapana.

"Unataka kulala hivi mpaka ufe? Nikugeuze kama mkate? Wewe?"

Mdomo wa Shufaa ulihangaika. Upande mmoja ulivuta, mwingine ukagoma. Sauti ikatoka kooni, nzito, imejaa maji. "Na," alisema. Akameza. "Na... sra."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke jikoni. Daktari aliinama mbele bila kujizuia, kwa furaha ya kazi yake. "Amesema! Hilo ni jina? Ametamka jina zima!" Halafu akaona uso wa Mwatumu, akarudi nyuma kitini.

Mwatumu alimtazama dada yake. Shufaa aliyemlea tangu mama yao alipokufa, aliyelala na njaa ili yeye aende shule, na shule yenyewe yeye akaitoroka. Daima alikuwa na jambo la kumpa mtu mwingine. Hata sasa, kalala nusu mtu, anagawa. Na hasira ilimpanda Mwatumu mpaka macho yakamwasha: hasira juu ya mashine, juu ya kijana huyu mwenye kibao, juu ya sheria ya kipumbavu iliyowapanga wanyonge mstari mmoja na kuwaambia wakanyagane. Zaidi ya yote, hasira juu ya wema huu wa dada yake usiomwachia mtu nafasi ya kuwa mwema.

Aliufungua mkono wa Shufaa kwenye kiwiko chake, kidole kimoja kimoja.

"Hidaya Mbaruku," alimwambia daktari. "Mikanjuni, jengo la tatu. Andika. Na chini yake andika kwamba nimesema huo ni uonevu. Hata kama mashine haisomi maneno, wewe andika."

Shufaa alifumba macho. Machozi yalitoka pande zote mbili, ya kulia na ya kushoto, sawasawa.

* * *

Habari ilimtangulia nyumbani. Alipopanda ngazi jioni ile, hakuna aliyemsalimia. Redio alikuwa kwenye kigoda chake, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe hakuwa na la kusema. Alivuta miguu tu ili Mwatumu apite.

Mlango wa Hidaya ulikuwa wazi. Kutoka ndani ilikuja harufu ya nazi na pilipili, na sauti ya mtoto akihesabu vijiko. Hidaya alikuwa amekaa kizingitini. Kupe wake wa kushoto, yule halali, alikuwa anawaka taa nyekundu iliyotulia, isiyolia.

"Umenitaja."

"Nimekutaja."

Mwatumu alibaki amesimama na mikono inaning'inia.

"Shufaa?"

"Wamemwingiza leo hii. Wamemvalisha glavu. Amegoma kunitazama. Alikataa nikutaje. Nataka ulijue hilo. Ni mimi peke yangu."

"Nasra amerudishwa mkiani," Hidaya alisema. "Wamenitumia ujumbe na picha ya ua. Ua, dada Mwatumu! Mtu anamwondolea mwanangu zamu halafu ananiwekea ua! Nimekaa hapa tangu mchana nakusubiri nikutukane. Nimeyapanga matusi, mengine nilimwomba Redio."

"Yapo mazuri," Redio alisema kwa unyonge.

"Nitukane."

"Kisha nikajiuliza. Angekuwa mwanangu kitandani na jina ni lako, ningekutaja kabla hujamaliza kupanda ngazi." Hidaya alifuta pua kwa upindo wa khanga. "Sijakusamehe. Usije ukaelewa vibaya."

"Sikuja kusamehewa. Nimekuja kukuambia kesho asubuhi naenda Mfukoni. Nitawaambia mshawishi ni mimi, waniandike hata kama hawana mahali pa kuniandikia. Nitawauliza wawili wenye damu moja waliwapitaje. Nitawauliza ni kosa gani Nasra alilotenda. Nitakaa mlangoni kwao, kila anayeingia nitamsimulia, na unanijua nikianza kusimulia."

"Watakufukuza."

"Nitarudi keshokutwa."

"Mimi nakuja na yule mbuzi," Redio alisema. Hakuna aliyecheka, maana alikuwa hatanii.

Hidaya alimtazama Mwatumu kutoka viatu vyenye vumbi mpaka khanga iliyoteleza. Alimtazama kwa jicho la mtu anayenunua kitu asichokitaka lakini anakihitaji.

"Umekula lini?"

Mwatumu ilimbidi afikiri. "Jana. Chai."

"Haya." Hidaya aliinuka kizingitini, akajibana ukutani, njia ikapatikana. Ndani, mtoto mwenye kichwa kilichonyolewa alikuwa anapanga sahani mkekani. "Hiyo kelele ya kesho naitaka kubwa, na tumbo tupu halina sauti. Nasra, mwongezee mama yako mkubwa sahani. Vua viatu, dada Mwatumu. Ingia tule."